Kitambaa Cheupe Kabla ya Kufika Lokandu

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya mtoni, nawajibu kwamba ni mgongo. Mgongo ni jibu zuri. Mtu akisikia mgongo haulizi tena. Anakupa pole na kukutajia dawa ya mjomba wake. Lakini mgongo wangu hauna neno. Niliacha kwa sababu ya kijiji kimoja, na kila nikijaribu kueleza habari za kijiji hicho najikanyaga, maana mambo yenyewe sikuyaelewa yalipokuwa yakitokea mbele ya macho yangu, na hata sasa, uzeeni, nikiyapanga upande huu yanamwagikia upande ule.

Nianze na kazi. Nilikuwa muuguzi, zama za Zaire, wakati sote tulikuwa masitwayen, yaani raia, na wakubwa wakivaa abakosti, makoti yaliyofungwa mpaka kooni kwenye joto la Kindu. Ofisi yetu ya afya ilikuwa na mtumbwi mrefu wa mbao, mota nyuma, turubai katikati. Kila baada ya wiki mbili tuliteremka mto Lualaba mpaka Lokandu, tukisimama vijijini, kisha tukapanda kurudi. Tulikuwa watatu. Mimi niliyekuwa na sindano, vidonge na vidonda. Vijijini waliniita muganga, nami sikuwasahihisha. Mwendesha mtumbwi, Mgenya, wa kabila la wavuvi wa mto, aliyejua kuogelea kabla ya kutembea, mtu wa maneno machache, aliyenizidi umri hata nikamwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. Na mkunga, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeshughulika na wanawake. Yeye aliingia nyumbani kwa watu mpaka vyumba vya ndani. Mimi niliishia barazani.

Jambo la pili ni lazima mlijue: nina hasira. Mama yangu alisema nilianza kulia kabla sijatoka tumboni. Sipigi mtu, la, sijawahi. Ninapiga kelele. Kelele ikinianza hainiulizi kama imetosha, inakwenda mpaka iishe yenyewe, na ikiisha mimi nasahau, nacheka, naomba maji ya kunywa. Nilidhani na wenzangu wanasahau hivyo hivyo.

Sasa, esansi, yaani petroli. Esansi ya miaka ile! Leo ipo, kesho hakuna, keshokutwa ipo lakini imeingia kwenye gari la mkubwa fulani. Hatukuweza kusimama kila kijiji kama zamani. Ndipo nilipobuni mpango wa kitambaa. Kijiji chenye mgonjwa kisimike mti ukingoni na kufunga kitambaa cheupe, tukikiona tunasimama. Hakuna kitambaa, tunapita. Mpango huo ulikuwa wangu na niliuonea fahari kupita kiasi. Hata mkuu wetu aliusifu mbele ya watu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kung'oa jino.

Ulikwenda vizuri mpaka wakamchukua mkunga.

Walimchukua kwenda kucheza. Kuna mkubwa wa Chama alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na kila ofisi ya Kindu ilitakiwa kutoa watu wa animasyon, ile ngoma ya kuimba sifa za Chama na Rais, kiuno kikizunguka na picha ya Rais ikizunguka nacho kwenye kitenge. Mkunga wetu alikuwa na sauti. Masikini, angekuwa na kigugumizi angebaki na wagonjwa wake. Wakamwambia wiki moja tu. Wiki ikaisha, mgeni hakuja. Wakasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, mgeni bado. Asubuhi mazoezi, alasiri mazoezi.

"Nimesoma miaka mitatu kuzalisha watu," aliniambia, "leo nazalisha nyimbo."

Nilicheka sana. Mwisho wa kucheka nikaenda mtoni na yaya peke yetu.

Kijiji chenyewe kiko ukingo wa kulia, mwendo mfupi kabla ya kufika Lokandu. Ni kijiji cha Waislamu, wavuvi na wakulima wa mpunga, na mimi pia ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu, nimekulia mtaa wa Mikelenge kule Kindu, nikasoma Kurani kabla ya kusoma Kifaransa. Kwa hiyo pale nilijiona nyumbani. Nilipoona kitambaa cheupe kinapepea nilifurahi, si kwa ajili ya ugonjwa, bali kwa ajili ya mpango wangu.

Walishuka wanaume wanne. Aliyewatangulia alikuwa mvuvi wa makamo, mwenye kofia safi, ambaye kaka yake alikuwa amekufa kwa homa siku si nyingi. Habari ya msiba ilikuwa imetufikia, tukampa pole, tukasoma Fatiha pale pale kwenye matope. Kisha akachungulia nyuma yangu, ndani ya mtumbwi.

"Mama hakuya?"

"Mama gani?"

"Mama mukunga."

"Mama yuko Kindu, anacheza animasyon. Mgonjwa yuko wapi?"

Wakatazamana. Yule mvuvi akasema, "Hapana mugonjwa."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa iko."

"Naona kiko! Nauliza mmemwekea nani?"

"Hapana mutu, muganga. Njo vile tu."

Njo vile tu! Ndivyo tu, basi! Niliangalia kitambaa, nikawaangalia wao, nikamwangalia yaya, naye alikuwa akiangalia maji. Nilisafisha kidonda cha mguu wa mzee mmoja, nikagawa vidonge kwa watoto wawili wenye homa, ambao mama zao walisema hawakuweka kitambaa chochote. Tukaondoka. Sikupiga kelele siku ile, au nilipiga kidogo.

"Wanamtaka mama," yaya alisema tulipofika katikati ya mto.

"Wanamtakia nini, kama hakuna mgonjwa?"

"Mimi naendesha mota."

Njia nzima niliwaza. Labda mkunga aliwaahidi sabuni. Labda kuna mwanamke anayetaka maneno ya siri ya kupata mtoto, wanawake walimfuata kwa hayo. Labda wale wanaume wananidharau, kwamba kijana wa Mikelenge anajua nini. Labda kitambaa kilifuliwa tu kikaanikwa pale, na wao wameona aibu kusema. Kila labda niliyoishika ilikuwa na shimo. Mgonjwa akiwepo, yupo, aje mama, aje baba! Mtu hawezi kuumwa siku ya mkunga akapona siku ya muuguzi. Nilipofika Kindu kichwa kilikuwa kinaniuma kwa mawazo, na nikayaacha.

Wiki mbili baadaye kitambaa kilikuwa palepale.

Safari hiyo yule mvuvi alikuwa amefuatana na mwalimu wa msikiti wao, mtu mwembamba asiyependa kuzungumza juani. Walikuwa wamesimama tayari ukingoni kana kwamba wametungoja tangu asubuhi. Juu kidogo, mlangoni mwa nyumba ya kwanza, alisimama mama mzee na mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeamka vibaya. Mota ilikuwa imetuzimikia mara mbili, esansi ilikuwa na maji ndani, mkuu wetu alikuwa ameniuliza mbele ya wenzangu kwa nini nasimama pasipo na wagonjwa. Mvuvi akasema maneno yale yale.

"Mama hakuya tena?"

Ala! Nikasikia masikio yanapata moto.

"Mama, mama, mama! Mimi ni nini, gunia la mihogo? Mnajua esansi tunaipata wapi?"

"Muganga, tuliketi na mwalimu, tukasema..."

"Mliketi! Kuketi mnajua! Huku mimi namaliza pipa la serikali kuja kutazama kitambaa chenu!"

"Muganga, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Ningoje Rais aje awaulize? Kuna mgonjwa, hakuna mgonjwa? Mnaficha nini? Mficha maradhi kifo humuumbua! Mimi nakifuta kijiji hiki. Mkitaka kutundika, tundikeni hata nguo za harusi, sisimami!"

Na mengine, ambayo siyaandiki. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mvuvi alifungua mdomo mara mbili, akaufunga mara mbili. Nilikuwa nimekwisha kupanda mtumbwini wakati bado nasema, na niliendelea kusema mpaka sauti ya mota iliponizidi.

"Hasira hasara," yaya akasema.

"Endesha mota yako."

Nusu saa baadaye nilikuwa nacheka. Nilimsimulia yaya jinsi mwalimu alivyorudi nyuma akakanyaga kapu la samaki. Yeye hakucheka.

Safari ya tatu ndiyo nisiyoipenda. Tulipokata kona ya mto niliona kwamba mti umeongezwa urefu, na juu yake si kitambaa tena bali shuka zima, limefungwa pembe mbili, linapiga upepo. Yaya akapunguza mota.

"Leo ni shuka," alisema.

"Pita."

"Muganga, mutu hatundiki shuka bure."

"Yaya, nimesema pita. Nilitoa neno, nikisimama leo watanicheka mpaka Lokandu."

Akapita. Yule mama mzee alishuka ukingoni, akaingia majini mpaka magotini, na nguo zake zote, akapunga mikono miwili. Nilimwona. Watu nikiwasimulia huwa nasema tulikuwa mbali, lakini hapa sitasema hivyo. Nilimwona vizuri, nikageuza uso nikajifanya napanga chupa za dawa. Katika kurudi tulipita upande wa pili wa mto, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza tupite huko.

Tulifika Kindu siku ya tatu, na nilikwenda uwanjani kwenye mazoezi kumtafuta mkunga nimpe kichekesho. Ndivyo nilivyofikiri: kichekesho. Alikuwa amekaa chini ya jukwaa, viatu amevua, anajipepea kwa karatasi ya nyimbo. Nikamwigizia. Mama hakuya, hapana mugonjwa, kitambaa iko. Alianza kucheka na mimi. Kisha nikataja msiba wa kaka yake mvuvi, nikaona cheko limemkauka usoni.

"Na mjane wake?" aliuliza.

"Mjane nitamwonea wapi? Si yuko eda."

"Ana mimba."

Nikakaa chini kando yake.

"Ana mimba, mwanangu, sasa yapata miezi nane. Nilimpima mwenyewe safari yangu ya mwisho. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Nilimwambia mama mkwe wake, akiumwa kichwa, akiona giza machoni, tundika kitambaa siku hiyo hiyo. Daftari langu la wanawake liko kwenye sanduku la mtumbwi. Umelifungua?"

Sikuwa nimelifungua. Lilikuwa na gamba la bluu, nilikuwa nikiliona kila safari, nikilisogeza nipate pamba. Niliona mambo ya wanawake si yangu.

"Na wewe hukuniambia!" nilisema, na sauti ilikuwa imeanza kupanda.

"Niliambiwa nacheza wiki moja!" Yake ilipanda zaidi ya yangu. Wachezaji wakageuka. "Wewe ni mtoto wa Waislamu, Mungu wangu, wewe! Mwanamke yuko eda, wanaume wanamtaka mama, huelewi ni nini? Unataka wakuchoree?"

Hapo ndipo nilipoelewa, au niliposhindwa kuelewa jinsi nilivyokuwa sielewi. Baba yangu alikufa nikiwa shuleni. Mama yangu alikaa eda miezi minne na siku kumi katika chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe, na mwanaume asiye wa nyumba yetu hakumwona. Walipokuja masheikh na wazee wa mtaa kumpa pole, walikaa sebuleni na yeye alikuwa nyuma ya pazia, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaletea kahawa. Siku moja alipatwa na jipu mkononi. Tabibu wa mtaani alikuja, mama akatoa mkono chini ya pazia, tabibu akapasua, akafunga kitambaa, akaenda zake. Nilimshikia bakuli. Mimi! Na nikasimama kwenye matope ya kijiji kile nikiuliza mnaficha nini.

Mkunga alivaa viatu. Kiongozi wa animasyon, kijana mmoja mwenye filimbi, alimuuliza anakwenda wapi, akamwambia jina lake litaandikwa.

"Liandike kwa herufi kubwa," alimjibu.

Mtumbwi haukuwa na esansi, ila dumu moja ambalo yaya alikuwa amelificha chini ya mbao, sijui tangu lini na sikuuliza. Tukaliweka la kurudia. Alfajiri tuliondoka kwa makasia, mto ukitusukuma, yaya nyuma, mimi mbele, mkunga katikati na sanduku la dawa mapajani, bado amevaa kitenge chake cha Chama kwa kuwa hakupitia nyumbani kubadili. Alisoma daftari lake, akalifunga, akalisoma tena. Hakunisemesha. Mikono yangu ilitoka malengelenge, na nilifurahi kwamba inauma. Nilikuwa nasema moyoni, bado, bado, mimba yenyewe ni ya miezi nane, bado.

Tulifika adhuhuri imepita. Shuka lilikuwa juu bado. Yule mama mzee, mama mkwe wa mjane, alimshika mkunga mkono kabla hajakanyaga nchi, wakapanda wote wawili bila salamu. Kwa mbali nilimsikia akisema, "Tangu asubuhi anatetemeka, anang'ata ulimi." Kifafa cha mimba. Sikuhitaji daftari kujua.

Mimi nilisimama sebuleni. Pazia lilikuwa limetundikwa kati ya sebule na chumba, kanga mbili zimeshonwa pamoja, limefungwa vizuri na kamba. Nilidhani mkunga ndiye aliyeliagiza. Nyuma yake nilisikia kitanda kikigonga ukuta, wanawake wakiomba Mungu, na sauti ya mkunga.

"Sindano ya kutuliza! Haraka! Mimi mikono yangu iko kwa mtoto!"

"Nipitishie mkono wake!"

Mkono ukatoka chini ya pazia. Mkono tu. Ulikuwa umevimba hata alama ya kidole changu ilibaki kama kwenye unga uliokandwa, na mishipa ilikuwa imezama. Nilitafuta. Mkono ukaruka, nikaushika kwa goti langu, nikatafuta tena. Nilimwita dada, nikamwambia vumilia dada, sijui kama alisikia. Mshipa niliupata kwenye kifundo. Dawa ikaingia polepole, na polepole mkono ukalegea, ukawa mkono wa mtu aliyelala. Nikaona kucha zake zilikuwa safi, zimekatwa vizuri.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alasiri. Msichana, mdogo kama paka, akalia. Nilipomsikia nililia na mimi, bila aibu, mbele ya shemeji wa mjane, yule mvuvi, ambaye alikuwa amekaa kizingitini na tasbihi. Nilisema alhamdulillahi mara nyingi. Nilidhani tumefika. Nilimpima presha kwa mkono ule ule chini ya pazia. Ilikuwa juu, juu sana, lakini mtoto katoka, nilijiambia, sasa itashuka. Nikapima tena. Nikapima tena. Mara ya nne mkunga alisema kutoka ndani, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Acha, mwanangu. Toa mpira wako."

Kwa sheria yetu, mjane mwenye mimba eda yake inaisha siku anapojifungua. Alikuwa ametoka eda kwa muda wa saa moja hivi. Angeweza kuvaa rangi, kutoka uani, kuonana na watu. Mkunga alibaki ndani kuwasaidia wanawake kumwosha. Sura yake sikuiona kamwe.

Tulimzika asubuhi iliyofuata. Mwalimu alisalisha, nami nilisimama safu ya nyuma. Baadaye nikamtafuta, maana bado nilikuwa natafuta mtu wa kumbebesha, sitaficha. Nikamuuliza ni wapi katika dini imeandikwa kwamba mgonjwa asitibiwe na mwanaume.

"Hakuna," alisema. "Nilisema hakuna." Akaenda zake, na mimi sikuelewa alimwambia nani, wala lini.

Nilishuka ukingoni kichwa kikizunguka. Nilimlaumu kijana wa filimbi, nikamlaumu mgeni asiyefika, nikalilaumu daftari, nikawalaumu wanaume wa kijiji, na kila niliyemlaumu alinirudisha pale pale nilipoanzia. Mkunga alikuwa amekaa mtumbwini, uso kwenye maji. Mtoto alikuwa ameshapata shangazi wa kumnyonyesha. Yule mvuvi alitusindikiza, kama desturi, akabeba sanduku langu mwenyewe ingawa nilimkatalia. Alipoliweka chini sikuweza kujizuia tena.

"Kwa nini hamkuniambia? Pazia tu! Pazia na mkono! Ningempima siku ya kwanza, ningempa dawa, tungempeleka Kindu. Ninyi mlikaa kimya, na mimi ningejuaje?"

Hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika.

"Siku ya kwanza hatukujua," alisema. "Tuliwaza ni lazima mama. Ulipoondoka tuliketi na mwalimu. Mwalimu akasema mugonjwa ni mugonjwa, tundikeni pazia, muganga amutibu. Tukatundika. Safari yako ya pili pazia iko tayari. Mama yangu alimukata mujane kucha, akamukalisha nyuma ya pazia. Alikuwa amekwisha kunyoosha mukono."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu, sasa mbona hakusema.

"Ulikuwa unapiga kelele, muganga," alisema. "Tulingoja unyamaze."

Yaya alikuwa amekwisha kuwasha mota. Akaniambia niingie, jua linapanda. Nikaingia, nikakaa.